Wafuga kuku wa kienyeji Unguja na Pemba, ngawa na kunguru mnawafanyaje? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Bumbwini:
Assalaam alaykum jamaa. Mie kuku wangu nnawafungulia alfajiri wanajitafutia wenyewe chini ya miembe mpaka jioni, kuwafungia kutwa siwezi kwa bei ya chakula ilivyo skuhizi. Sasa koo wangu katotoa vifaranga 11, wiki mbili tu wamebaki 4, na juzi usiku mtetea aliekuwa karibu kutaga kaondoka, asubuhi nakuta manyoya yametapakaa mpaka kwenye migomba. Baba anasema ngawa, yule mnyama wa porini kama paka mkubwa, mke wangu anasema paka shume wa jirani, na mie nishaanza kumtizama jirani vibaya. Naomba mtu aseme lililomkuta mwenyewe, sio la kusikia. Na wale wa chui wa kufugwa na wachawi kaeni kando kwanza.

Bi Fuoni:
Waalaykum salaam kaka. Vifaranga wanaopotea mchana hao wa kunguru hao, wala usimsingizie ngawa. Mie nimekaa barazani nikashuhudia kwa macho yangu, wanakuja wawili, mmoja anatua mbele ya koo anamchokoza mpaka koo anamrukia, mwenziwe anatokea nyuma keshanyakua keshapaa. Ndo hawa walioletwa kutoka India miaka ya 1890 ati wasafishe taka za mji, taka zipo na kunguru wapo. Nilichofanya, mjomba wangu mvuvi alikuwa na dema bovu la kutegea samaki, nikaliweka uani, ule mlango wake nikauziba kwa gunia, koo ndani na maji na pumba humohumo. Vifaranga wanapenya kwenye matundu wanatoka kuchakura, mama yao akipiga ule ukelele wa hatari wote mbio ndani, kunguru anabaki kuzunguka juu. Mwezi mzima hivo. Mara ya mwisho kati ya 9 kapotea mmoja, na huyo alikanyagwa na bodaboda.

Mpemba wa Konde:
Yakhe huku kwetu karibu na msitu wa Ngezi ngawa ndo mwenyeji wetu. Mie kanilia makoo watatu mwaka mmoja, na wote watatu nje, walijificha kwenda kuatamia vichakani, kila siku nasema kesho ntamtafuta. Ngawa hatembei mchana, ni wa usiku, na anapenda kurudi choo kilekile, ukikuta rundo la kinyesi lina kokwa za matunda jua hapo ndo njia yake. Sasa koo akianza kupotea potea mchana namfuata kimyakimya mpaka nione anapotagia, usiku namhamisha na mayai yake kizimbani. Wengine hukataa wakayasusa mayai, ndo hasara yake. Na mlango nafunga na adhana ya Magharibi, sio baada ya kuswali, maana nikishakaa msikitini na mazungumzo mpaka Isha.

Ughaibuni kitambo:
Salaam kutoka kusini mwa London. Mtanicheka, nafuga kuku wanne uwani. Huku adui ni mbweha tena wa mjini, unamkuta kakaa juu ya ukuta anakutizama kama anakudai. Mwanzo nilikuwa na sita, nikasahau kufunga usiku mmoja tu, asubuhi sita wote wamekwenda, kachukua mmoja watano kawaacha wamelala chini, yule akiingia ndani na kuku wakianza kupapatika anaua mpaka kutulie. Waya mwembamba wa kuku anautafuna, nikanunua ule mzito wa kuchomelewa, halafu kipande kingine nikakilaza chini kuzunguka banda, upana kama mkono mpaka kiwiko, nikafunika na mchanga. Anakuja kuchimba pale ukutani anakutana na waya, akili ya kurudi nyuma akachimbe mbali hana. Na miezi ya watoto wao, kuanzia Machi hivi, anakuja hata mchana, hapo hawatoki mpaka nipo nje.

Kijana wa Makunduchi:
Mie chatu. Kaingia kwa tundu ya ngumi, kameza jogoo, kutoka hawezi tumbo limejaa, nimemkuta asubuhi kajikunja kama tairi. Ziba matundu. Na sumu msitie jamani, mie nlitia kwenye utumbo wa samaki, alokufa paka wangu mwenyewe na bata wa shangazi, mpaka leo shangazi hanipi uso.

Mkaazi wa Bumbwini:
Ahsanteni sana. Nimerudi na jibu. Nilimwaga majivu mlangoni mwa banda na nyuma yake, siku ya tatu nikapata nyayo, zina alama za kucha mbele. Paka akitembea kucha huzificha, kwa hiyo shume kashinda kesi, na njia yenyewe ilikuwa ubao wa nyuma ulioliwa na mchwa, mie kutwa nakagua mlango. Nimepigilia bati. Mke wangu hajakubali, anasema shume akiteleza hutoa kucha. Jirani nimempelekea mayai sita, hajui ya nini na mie sikumwambia.

Ila vifaranga jana kaondoka mwengine, saa nne ya asubuhi, jua kali. Bi Fuoni, hilo dema mjomba anauza shingapi?

Bi Fuoni:
Hauzi. Njoo na jogoo.