Gari la zamani linazima injini ikipata moto, likipoa linawaka. Nianzie wapi?

MamaPili
Wakuu, habari za kazi. Nina gari la 1994, la petroli, linatumia nozeli za kupuliza mafuta (si kabureta) ila bado lina distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Asubuhi ukigusa ufunguo tu limewaka. Nikishaendesha kama nusu saa, hasa kwenye foleni na jua kali, linazima. Stata inazunguka vizuri, betri ni nzima, lakini haliwaki ng'o. Nikifungua boneti likapoa, linawaka kama halijafanya lolote. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati, maji hayapungui, taa ya injini haiwaki. Plagi na filta ya mafuta ni mpya. Fundi sasa anataka tununue pampu ya mafuta. Mnashaurije?

Dereva Mstaafu
Toa themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, binti yangu. Litapoa hilo.

Spana 14
Shikamoo mzee, ila hapo nakupinga. Injini haichemshi. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 ili injini ifike joto lake la kazi. Ukiitoa, gari litakula mafuta zaidi na tatizo litabaki palepale.

Dada, linazimaje? Ghafla kama umegeuza ufunguo, au linakwama-kwama na kukosa nguvu kwanza?

Kabureta Hai
La kwangu la kabureta lilikuwa hivyohivyo. Mafuta yanageuka mvuke kwenye bomba lililopita karibu na eksozi, pampu inabaki kuvuta hewa. Tulihamisha bomba, kwisha habari.

MamaPili
Ghafla kabisa, Spana. Na mshale wa mizunguko unaanguka sifuri wakati gari bado linaserereka na gia imo.

Spana 14
Hapo umenipa nusu ya jibu. Gia ikiwa imo na klachi hujakanyaga, matairi bado yanaizungusha injini. Mshale wa mizunguko kwenye magari mengi ya rika hilo hupokea ishara kutoka kwenye koili (inayotoa umeme mkali wa plagi) au igaita (kifaa kinachoiwasha na kuikata koili). Ukianguka sifuri injini ikiwa inazunguka, ujue mfumo wa moto wa plagi umekata. Pampu ikifa, kwa kawaida mshale hushuka pamoja na injini, na gari hulegea kwanza.

Alichosema Kabureta Hai ni kweli kwa kabureta. Kwenye nozeli mafuta yanabanwa kwa presha ya kama baa 2.5 hadi 3, kwa hiyo hayageuki mvuke kirahisi hivyo.

Sasa usinunue kitu. Tembea na plagi moja ya akiba. Likizima, pima PALEPALE likiwa bado la moto, maana likishapoa ushahidi umeondoka nalo (ndiyo maana gereji kila siku wanakwambia "mbona zima"). Chomoa waya mmoja wa plagi, uvike kwenye ile ya akiba, uilaze igusane na chuma cha injini, mtu apige stata. Usiishike kwa mkono, na kama kuna harufu ya petroli usipime kabisa.

Cheche ipo: rudi kwenye mafuta. Washa ufunguo bila kupiga stata, sikiliza kama pampu inanguruma kidogo huko nyuma. Fungua pia kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa nguvu na gari likawaka, tundu lake la kupumulia limeziba.

Cheche haipo: washukiwa ni koili, igaita, na ile sensa ndogo ndani ya distributa. Waya mwembamba wa ndani ukiwa na ufa, joto linautanua unaachana, ukipoa unagusana tena. Weka kitambaa chenye maji baridi, kilichokamuliwa, juu ya koili. Likiwaka upesi, umempata.

Nyaya Nyekundu
Naongezea rilei kuu ya EFI, yaani swichi ya umeme inayolisha mfumo wa nozeli. Solda zake hupasuka kwa uzee, na zile zilizo chini ya dashibodi hupikwa na jua. Ila rilei ikikata, hata pampu haingurumi, kwa hiyo kipimo cha Spana kitaionyesha.

MamaPili
Nimerudi. Lilizima leo. Cheche hakuna. Pampu inanguruma. Koili nimeilowesha kwa kitambaa, wapi. Nikamwita fundi aje na maltimita: sensa ya distributa ikiwa ya moto haisomi kitu kabisa, waya umekatika. Ilipopoa ikasoma omu mia kadhaa. Pampu tumeiacha.

Spana 14
Safi. Kabla hajang'oa distributa, achore alama kati ya mwili wake na injini, na aweke alama pale rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, inapoelekea. Halafu taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, ipimwe kwa taa maalumu ya kazi hiyo, si kwa sikio. Na muulize kama sensa inapatikana peke yake. Kwenye distributa nyingine inauzwa yenyewe, nyingine lazima ununue zima.

Dereva Mstaafu
Sawa vijana. Ila la kwangu halina themostati na linatembea.

Nyaya Nyekundu
Mzee, na mafuta je?

Dereva Mstaafu
Hayo tusiyazungumzie.