Lebo imesajili biti yangu, nikiipakia mwenyewe naambiwa ni mali yao

Wakuu, nina hasira, sijalala.

Mwaka jana nilikuwa studio kwangu Manzese, jirani anatwanga nje. Nikatoka na simu, nikarekodi mchi unavyogonga kinu. Sauti ile nikaikata vipande, nikaishusha, nikailaza chini ya besi mpaka ikawa ndiyo ngoma yenyewe. Siku tatu, umeme unakatika, naanza tena. Akaja msanii, tukarekodi, akanipa elfu hamsini, iliyobaki "tutaongea wimbo ukitoka". Nikampa faili zote, kila ala peke yake, maana alisema meneja anataka kumiksi upya.

Wimbo umetoka chini ya lebo. Pale mwanzo ninapotaja jina la studio wamekata. Prodyuza ameandikwa mtu mwingine. Nikanyamaza. Juzi nimepakia biti tupu kwenye chaneli yangu ya YouTube, saa moja haijaisha nikaletewa taarifa: sauti hii ina mwenyewe, pesa ya matangazo inaenda kwake. Mwenyewe ni lebo!

Mfumo wa YouTube wa kutambua sauti zilizosajiliwa, Content ID, upo tangu 2007, na hauulizi nani alikaa kwenye kibodi. Unalinganisha sauti yako na faili iliyotangulia kusajiliwa. Mimi wa Manzese siwezi kusajili humo moja kwa moja, lebo na wasambazaji wao wanaweza. Nimeweka pingamizi, nalo limepelekwa kwa lebo ileile, wana siku 30 za kujibu. Mtuhumiwa ndiye hakimu!

Enzi za kaseti, wasambazaji wa Kariakoo walinunua masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, kwa pesa ya mara moja na hapo ndiyo imetoka. Ilikuwa dhuluma. Lakini angalau ngoma ya maprodyuza kama P-Funk au Master Jay ikipigwa kwenye daladala, watu walijua mkono wa nani. Sisi hata jina tunanyang'anywa.

Najua mtaniambia mali bila daftari hupotea bila habari. Sawa. Ila msanii amekuja na nauli tu mfukoni, prodyuza gani mtaani anamkalisha kwanza wasaini mkataba?

Rekodi ya simu bado ninayo, ina tarehe, mchi unasikika na mama jirani anafukuza kuku. Jumatatu naipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pamoja na faili za mradi. Aliyewahi kufungua shauri la namna hii bila karatasi aniambie: walitaka nini kingine?