Absalomu alitakiwa afanyeje? (2 Samweli 13)

Msomaji_wa_usiku
Wakuu habari. Nimerudia 2 Samweli 13 mpaka 18 na bado nakwama palepale. Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, anajifanya mgonjwa, anaomba dada yake wa baba mmoja Tamari aje kumpikia mikate mbele ya macho yake, anatoa watu wote nje, anambaka, halafu anamwita mtumishi, mtoe huyu nje na mlango ukomee. Mfalme Daudi kasikia mambo yote hayo, kakasirika sana, basi. Hakuna kesi, hakuna adhabu, hata kumwita hakumwita. Sasa Absalomu ambaye ni baba mmoja mama mmoja na Tamari alitakiwa afanyeje? Kila mahubiri yeye ndo mbaya, mi naona mzee Daudi ndo alimsukuma.

Kiti_cha_nyuma
Mzee ana lawama hilo halina ubishi. Biblia ya Kigiriki ya kale inaongeza pale kwamba hakutaka kumhuzunisha Amnoni kwa sababu alimpenda, ni mzaliwa wake wa kwanza. Na ya Bathsheba na Uria, Daudi kulala na mke wa mtu kisha kumtuma mumewe vitani akauawe, ilikuwa sura mbili tu nyuma, na hayo mgongoni angeanzia wapi kumhukumu mtoto?

Ila angalia ile miaka 2. Absalomu hamsemeshi Amnoni jema wala baya, kimya, halafu anaandaa sherehe ya kukata kondoo manyoya kule Baal-hasori, anaalika wana wa mfalme wote, anamwomba baba mpaka Amnoni naye anaruhusiwa, anasubiri jamaa achangamke na mvinyo ndo vijana wake wanamshukia. Hasira haiendi hivyo bana, huo ni mpango. Na Amnoni ndo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kiti cha enzi. Sisemi Absalomu hakuumia, binti yake mwenyewe alimwita Tamari (14:27), ila mtu anaweza kuumia kweli na huku anapiga hesabu zake.

Binti_Sayuni77
Na mbona hamumuulizi Tamari? Kabla ya lile jambo alimsihi Amnoni, nami aibu yangu nitaipeleka wapi? Akitupwa nje anajipaka majivu kichwani, anararua ile kanzu yake ya mabinti wa mfalme, anatembea analia kwa sauti, yaani alitaka watu wajue! Kaka mtu anamwambia nyamaza, huyo ni ndugu yako, usilitie moyoni. Akakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, na baada ya hapo hasikiki tena. Mstari wa 39 unasema Daudi alitulizwa kwa habari ya Amnoni. Nitafutieni mstari unaosema Tamari alitulizwa.

Kiti_cha_nyuma
Haupo dada.

mlinzi wa lango
Mnaishia sura ya 13, tamu iko mbele. Absalomu anakimbilia Geshuri kwa babu yake mzaa mama, mfalme Talmai, miaka 3. Yoabu, mkuu wa jeshi la Daudi, anafanya maarifa anarudishwa, anakaa Yerusalemu miaka mingine 2 bila kuuona uso wa baba yake, mpaka anaamua kuchoma shamba la shayiri la Yoabu ili asikilizwe! Mwishowe Daudi anambusu, ila kwenye hiyo sura hakuna neno lolote wamesemezana kuhusu Tamari wala Amnoni. Busu tu.

Baada ya hapo anaamka mapema anasimama njiani langoni, kila mwenye kesi anamwambia maneno yako ni mazuri na ya haki lakini mfalme hakuweka mtu wa kukusikiliza. Hiyo ni kesi yake mwenyewe anawauzia watu, na ilishika kwa sababu kwake ilikuwa kweli tupu. Amnoni keshakufa, sasa kisasi kimehamia kwa baba, anamwasi mpaka Daudi anakimbia Yerusalemu. Halafu cheki 16:22, huyuhuyu aliyeua kwa ajili ya dada yake anapigiwa hema juu ya dari anaingia kwa masuria wa baba yake mbele ya Israeli wote, wale 10 walioachwa kulinda nyumba, hawajamkosea chochote. Daudi aliporudi akawaweka kifungoni mpaka kufa kwao (20:3).

Msomaji_wa_usiku
Duh, hao masuria nilikuwa nawapita tu. Bado Daudi simwachii lakini, kesi moja angeisikiliza mwanzoni pengine wale 20,000 wasingekufa kwenye vita vya uasi huo kule msitu wa Efraimu. Na kuna mwingine hamjamgusa, Yonadabu, rafiki na binamu wa Amnoni. Ndo alimfundisha Amnoni ule ujanja wa kujilaza, halafu habari ilipofika kwamba wana wote wa mfalme wameuawa yeye ndo anamtuliza Daudi, ni Amnoni peke yake, Absalomu alishalikusudia tangu siku ile. Kwa hiyo miaka 2 yote alikuwa anajua?

Binti_Sayuni77
Alijua, na mfalme hakumuuliza amejuaje.