Kizazi Kimetolewa, Damu Inatoka Wapi?

Shangazi: Hamjambo wanangu. Nimeona niliandike jambo hili humu kwenye kundi letu la simu kwa kuwa sote ni wanawake wa ukoo mmoja. Huu ni mwezi wa 8 tangu nitolewe kizazi kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, lakini kwa miezi 3 sasa hunitoka matone ya damu kwa siku 2, matiti hujaa na kuuma, na tumbo huvuta upande wa kushoto. Kwenye zahanati niliambiwa kwamba asiye na kizazi hawezi kutokwa na damu, nikapewa vidonge vya maumivu. Usingizi umenipotea.

Mama Mdogo: Pole sana, dada. Damu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba haipo.

Binti Muuguzi: Shikamoo, Shangazi. Watu husema "kutoa kizazi" kana kwamba ni upasuaji wa aina moja, kumbe wakati mwingine shingo ya kizazi huachwa, na utando wa ndani ukibaki kidogo juu yake, huweza kuendelea kutoa damu kila mwezi. Ovari nazo, yaani vifuko vya mayai, zikiachwa huendelea na mzunguko wake, ndiyo maana matiti huweza kuuma vilevile kama zamani. Hata shingo ikiwa imeondolewa, kinyama laini huweza kuota kwenye mshono juu ya uke kikawa kinatoa damu. Je, karatasi ya ruhusa inasema ni nini kilichoachwa?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Imeandikwa tu kwamba kizazi kimetolewa.

Binti Muuguzi: Hiyo haitoshi. Naomba urudi pale ulipopasuliwa, uombe ripoti ya upasuaji pamoja na majibu ya maabara ya kizazi kilichotolewa. Je, una homa, uchafu wenye harufu, au mkojo unaotoka wenyewe? Kimojawapo kikiwepo, usisubiri hata siku moja.

Shangazi: Hakuna, namshukuru Mungu.

*Alhamisi*

Shangazi: Nimeipata ripoti. Shingo iliachwa kwa sababu ilikuwa imeshikamana na kibofu kutokana na makovu ya kujifungua kwa upasuaji mara 3, na ovari ya kushoto iliachwa pia. Majibu ya maabara hayakuonyesha saratani. Nimelia, wanangu, kwa sababu miezi yote hii hakuna aliyeniambia.

Mama Mdogo: Lia, dada. Ulistahili kuelezwa siku ileile ulipozinduka.

Binti Muuguzi: Sasa dalili zako zinaanza kueleweka, lakini tusihitimishe kabla daktari wa wanawake hajaitazama shingo kwa kifaa na kukupiga ultrasaundi. Kwa kuwa shingo ipo, bado unapaswa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kama mwanamke mwingine yeyote. Tafadhali umwambie daktari hivyo, maana akisikia tu kwamba kizazi kimetolewa anaweza kukuruka.

Shangazi: Nimepangiwa Jumanne saa 3 asubuhi.

Mama Mdogo: Nitakupitia saa 1. Ripoti hiyo iweke kwenye mkoba leo hii.