Mjadala: Wawili wakiwa na hatia sawa, mali ibaki kwa nani?

Mleta Mada: Kanuni ya kale inasema *in pari delicto potior est conditio possidentis*, yaani wawili wakiwa na hatia sawa, aliyeishika mali ndiye mwenye nguvu. Hata hivyo, mwaka 2016, katika shauri la Patel dhidi ya Mirza, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliridhia kurudishwa kwa pauni 620,000 zilizotolewa ili kubashiri bei za hisa za benki kwa taarifa za siri, ingawa mwishowe taarifa hizo hazikupatikana. Naamini majaji walikosea. Mpumbavu anayemkabidhi mwenzake fedha kwa jambo la haramu hastahili kusikilizwa mahakamani.

Binti Pangani: Ndugu, huyo unayemwita mpumbavu mara nyingi ni mtu ambaye karani amekalia hati yake mpaka akatoa chochote ili aipate. Unamwekaje fungu moja na wabashiri wa hisa? Au hujawahi kuambiwa "njoo kesho" dirishani?

Mleta Mada: Nimeambiwa, dada yangu, wala sikutoa kitu. Sheria yetu ya rushwa hapa Tanzania, ya mwaka 2007, inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Tangu Lord Mansfield, jaji wa Uingereza wa karne ya 18, alipomnyima muuza chai ya magendo fedha zake, msimamo umekuwa huo.

Wakili Mstaafu: Hakumnyima. Katika Holman dhidi ya Johnson, mwaka 1775, muuzaji alishinda, kwa kuwa aliikabidhi chai yake Dunkirk na hakushiriki kuiingiza Uingereza, ingawa alijua inakopelekwa. Warumi nao walitofautisha: mwanasheria wao Paulus alisema aliyempa hakimu fedha ili ahukumu vibaya hawezi kuzidai, kwani aibu ni ya wote wawili, lakini mwanasheria mwenzake Ulpianus alimruhusu kudai mtu aliyelipa ili arudishiwe amana au hati yake mwenyewe.

Binti Pangani: Ahsante sana, mzee wangu. Hati yake mwenyewe!

Mleta Mada: Ulpianus huyohuyo aliandika kwamba anayempa hakimu fedha ili ashinde kesi ya haki naye anatenda kosa, na kwamba kaisari wa Roma aliamuru apoteze kesi hiyo. Karani ana dhamana ya umma kama hakimu.

Binti Pangani: Hakimu anapima na kuamua, karani anatakiwa kutoa tu kilicho changu. Kanuni yako inamwachia faida ya dhuluma yake, na kesho atamkamua mwingine akijua hakuna atakayethubutu kumdai.

Wakili Mstaafu: Ndiyo maana mwaka 1939, katika Jajbhay dhidi ya Cassim, mahakama ya rufani ya Afrika Kusini ilikubali kwamba kanuni hii inaweza kulegezwa pale haki kati ya mtu na mtu inapodai hivyo.

Mleta Mada: Basi karani anyang'anywe, fedha ziende Hazina. Hilo naliunga mkono. Kumrudishia mtoaji bado nakataa.

Binti Pangani: Na hati yangu je, nayo iende Hazina?