Koilova kwenye Miata ya 2001: gari limekuwa gumu lakini limepoteza mshiko

koni_na_kofia

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi Minnesota, Marekani, na huu ni msimu wangu wa tatu katika autokrosi ya huku, ambayo kila gari hupita peke yake kati ya koni zilizopangwa kwenye uwanja mpana wa kuegeshea magari, na kila koni unayoiangusha hukuongezea sekunde 2. Gari langu ni Mazda Miata ya mwaka 2001, ambalo nyumbani tunalijua zaidi kwa jina la MX-5. Mwezi uliopita nilitoa shokapu na springi za kiwandani na kufunga koilova, yaani shokapu zilizozungukwa na springi na kuwa kifaa kimoja, zinazorekebishika kimo na ugumu, zenye springi za kilo 8 kwa milimita mbele na kilo 6 nyuma.

Kazi niliifanya mwenyewe kwa siku mbili. Mbele hapakunisumbua: nilifungua nati mbili za juu, bolti ya chini ya shokapu na kiungo cha stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala sana kwenye kona), kisha nikachomoa ile bolti ndefu ya mkono wa juu ili habu, yaani kitovu cha gurudumu, iinamie nje na kupisha shokapu itoke. Nyuma ndiko nilikotoka jasho. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imezigandisha bolti za chini ndani ya bushi (mipira ya viungo), na moja peke yake ilinichukua saa tatu za mafuta ya kulegeza kutu, moto na nyundo.

Nilipomaliza nililishusha gari mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi, nikaikandamiza kila springi milimita 20 kwa ile ringi ya chini inayoishikilia, ili ziwe ngumu zaidi, na nikafunga kitufe cha ugumu wa shokapu mpaka mwisho. Jumapili iliyopita gari lilikuwa likirukaruka kwenye viungo vya lami, tairi ya nyuma ya upande wa ndani ilizunguka bure kila nilipotoka kwenye kona, na nilikuwa nyuma kwa zaidi ya sekunde moja ya rafiki yangu ambaye msimu uliopita tulikuwa tukipishana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Je, springi hizi ni ngumu mno kwa gari jepesi kama hili, au kuna jambo nimelikosea katika kufunga? Naomba ukweli kabla sijatumia fedha nyingine.

spana_kumi_na_saba

Ndugu, springi zako hazina kosa. Kilo 8 na 6 ni kipimo cha kawaida kwa gari hilo, na wapo wanaotumia kilo 12 mbele na gari likatulia vizuri. Makosa umeyataja mwenyewe katika maelezo yako, nami nitaanza na hilo la kuikandamiza springi, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi.

Springi ya kilo 8 itabaki kuwa ya kilo 8 hata ukiikandamiza. Chukua kona ya mbele ya gari lako, ambayo inabeba takriban kilo 300 ukiwa umeketi ndani. Toa uzito wa gurudumu na breki, zibaki kama 265. Kwa kuwa shokapu ya Miata imefungwa katikati ya mkono na haiko kwenye gurudumu lenyewe, mwendo wake ni kama robo tatu ya mwendo wa gurudumu, na kwa hiyo springi inahisi karibu kilo 350. Gawanya kwa 8, utapata milimita 44: huo ndio mbonyeo wa springi gari likiwa limesimama, na ndio akiba ambayo gurudumu linaitumia kufuata lami linapopungukiwa uzito. Ulipoikandamiza milimita 20 kabla ya kuifunga, ulikula karibu nusu ya akiba hiyo, zikabaki 24, na ugumu haukuongezeka hata kidogo. Nyuma hesabu ni ile ile kwa namba tofauti kidogo. Gari linapolala kwenye kona, gurudumu la nyuma la ndani linafika mwisho wa shokapu, linaning'inia, na injini inalizungusha hewani.

La pili ni kimo. Miata ina nafasi ndogo sana ya shokapu kupanda, na ukiishusha kiasi hicho unakuwa umeegemea mpira wa kikomo, ule unaozuia shokapu isigonge mwisho wake, hata kabla hujaondoka kwenye mstari wa kuanzia. Usinikubalie kwa maneno tu. Funga ukanda wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu, usukume mpaka uguse mwili wa shokapu, kisha uendeshe duru moja. Mahali utakapoukuta umesukumwa ndipo shokapu ilipofika. Ukiukuta umebanwa kwenye mpira, umeupata mrukoruko wako.

Rudisha ringi mahali ambapo springi inagusa tu bila kucheza, halafu rekebisha kimo kwa kuzungusha kikombe cha chini cha koilova, kama zako ni za aina hiyo. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, usipime kutoka ardhini, kwa maana tairi na upepo wake vitakudanganya. Mimi ningeanzia milimita 325 mbele na 335 nyuma. Kuhusu kitufe cha ugumu, kifunge chote, uhesabu kliki ukirudi nyuma, uanzie katikati, na ubadilishe kliki mbili mbili mbele au nyuma, kamwe si kote kwa pamoja.

Nina swali moja pia: ile bolti ndefu ya mkono wa juu uliikaza gari likiwa juu ya stendi?

kitabu_cha_kanuni

Nitaongeza jambo moja lililosahauliwa. Ikiwa klabu yenu inafuata kanuni za SCCA, chama cha michezo ya magari cha Marekani, kundi la Street linakuruhusu kubadilisha shokapu lakini springi lazima zibaki za kiwandani na mahali pake pasihamishwe, kwa hiyo siku ulipofunga koilova ulihamia angalau kundi la Street Touring. Huko utakutana na watu waliobadilisha mengi zaidi, basi kwa msimu huu jipime kwa muda wako mwenyewe kuliko kwa nafasi yako kwenye orodha.

vumbi_jekundu

Mimi niko Nairobi, na autokrosi yetu hukimbizwa juu ya murram, kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu kwangu ingekuwa sumu. Niliwahi kununua koilova za lami zilizotumika na kuzifunga kwenye Subaru Impreza yangu kwa sababu zilikuwa na bei nzuri. Kufikia mchana wa shindano la kwanza fimbo moja ya mbele ilikuwa imepinda, na gari lilikuwa likisugua tumbo kwenye kila tuta. Huku tunataka gari juu, springi laini na shokapu yenye mwendo mrefu. Lakini hilo la gurudumu linaloning'inia ni kweli pande zote mbili: gurudumu lisilogusa chini halisukumi gari, iwe ni lami au vumbi. Tafadhali, mnaosoma kutoka nyumbani, msinakili vipimo vya ndugu yetu wa Minnesota.

koni_na_kofia

Nimerudi, na ninawashukuru kwa dhati. Ukanda wa plastiki nimeufunga kwenye shokapu zote nne, nikazunguka mtaa mmoja tu kwa mwendo wa kawaida, na mbele zote mbili niliukuta umejikunja ndani ya mpira wa kikomo. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Jibu la swali lako, ndugu spana: ndiyo, nilizikaza zote gari likiwa juu ya stendi. Nilipoilegeza bolti ya mkono wa juu huku gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya mbao, mkono ulitoa mlio na kugeuka kidogo wenyewe kama kitu kilichokuwa kimefungwa kamba.

Nimerudisha ringi, nimepandisha gari mpaka 325 na 335, na nimefanya alaimenti upya: kemba hasi (sehemu ya juu ya gurudumu kuinamia ndani) ya nyuzi 2.5 mbele na 2 nyuma, magurudumu ya mbele yametazama mbele sawasawa, na ya nyuma yameingia ndani kidogo. Gari limekuwa jingine kabisa. Linalobaki ni hili: kwenye kona za kushoto linaingia vizuri, lakini za kulia linachelewa kugeuka. Rafiki ana mizani minne. Nikiwa nimeketi ndani, mbele kushoto ilisoma kilo 312, mbele kulia 272, nyuma kushoto 276 na nyuma kulia 280.

spana_kumi_na_saba

Huo mlio ulikuwa mpira wa bushi ukijinyoosha, kwa kuwa uliukaza mkono ukiwa unaning'inia, na gari liliposhuka mpira ukabaki umejipinda. Ungeuacha hivyo ungepasuka mapema, na kabla ya hapo ungekuwa unafanya kazi ya springi ambayo hukuiomba.

Mizani yako inasema yote. Jumlisha mbele kulia na nyuma kushoto: kilo 548 kati ya 1140, yaani asilimia 48. Mstari wa pili wa mshazari umebeba asilimia 52, na ndiyo sababu gari lina tabia mbili. Uzito wa upande wa kushoto hutaupunguza kwa koilova, kwa kuwa wewe mwenyewe umeketi huko, lakini mshazari unaweza kuusawazisha. Fungua kwanza viungo vya stabilaiza ili isivute upande mmoja, hakikisha sakafu iko sawa na upepo wa tairi ni ule wa siku ya shindano, kisha pandisha mbele kulia na nyuma kushoto kidogo, na ushushe nyingine mbili kwa kiasi hicho hicho, ili kimo cha wastani kisibadilike. Zungusha nusu duara, tikisa gari, soma tena. Itakuchukua mchana mzima, usiharakishe.

koni_na_kofia

Imechukua saa nne. Sasa ni 301 na 283 mbele, 287 na 269 nyuma, mshazari umefika asilimia 50 kamili. Viungo vya stabilaiza nimevirekebisha urefu ili viingie bila kulazimishwa. Leo asubuhi nimezungushia koni sita kwenye uwanja mtupu, kulia na kushoto, na mikono yangu kwenye usukani ilikuwa ikifanya kazi ile ile pande zote mbili.