Mashindano madogo ya tenisi Uingereza: yanakuza wachezaji kweli?

MjombaWaLoughborough:
Wadau, nisaidieni kwa hili. Majuzi nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 13 kutazama mashindano ya M25 ya ndani (ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa ya wanaume) hapa Loughborough. Watazamaji tulikuwa kama 20, nusu yao makocha. Kijana mmoja Mwingereza alifungwa seti ya tatu, akakaa kwenye benchi, akabandua tepu ya mshiko wa raketi taratibu, akaikunja na kuitia begini. Mpwa akauliza mbona haitupi. Nikamwambia huenda ataitumia tena.

Ukitolewa raundi ya kwanza ya M25 huondoki na pointi hata moja ya orodha ya ubora duniani. Bingwa mwenyewe anapata 25. Sasa kila nikisikia watu wanadai mashindano ya namna hii yaongezwe nchini, najiuliza: yanatoa wachezaji, au yanawazungusha tu palepale?

NyuziNaRaketi:
Yaongezwe, ndugu yangu, tena haraka. Nawafungia vijana hawa nyuzi za raketi na najua hesabu zao. Asiye na mashindano nyumbani anakwenda Monastir, Tunisia, au Antalya, Uturuki, kwa sababu huko M15, ngazi iliyo chini ya M25, huchezwa wiki baada ya wiki. Tiketi, hoteli, chakula, na kocha anabaki nyumbani kwa kukosa nauli. Billy Harris alizunguka Ulaya akilala kwenye gari lake aina ya Ford Transit ili apate kucheza. Mwaka 2024 akafika robo fainali Queen's na nusu fainali Eastbourne, mashindano makubwa ya nyasi hapa nchini. Ni wangapi wenye kipaji kama chake walioacha mchezo kwa sababu hawakuwa na hilo gari?

Bibi_wa_Nyasi:
Mimi nawatazama Waitalia. Wana Challenger nyingi kwao, yaani mashindano ya ngazi ya kati, juu ya M25 na chini ya yale makubwa ya ATP, na waandaaji huwapa vijana wao nafasi za mwaliko mapema. Jannik Sinner, aliyekuja kuwa namba moja duniani, alialikwa Challenger ya Bergamo mwezi Februari 2019, akiwa na miaka 17, akalichukua kombe. Ngazi ile ya kati ndiyo ninayoililia hapa. M15 zikiwa nyingi bila Challenger za kutosha juu yake, kijana anapanda ngazi ambayo katikati haina vipago.

MjombaWaLoughborough:
Bibi, shikamoo. Hapo umenigusa, maana nimekuwa nikimfikiria Jacob Fearnley. Alitoka kucheza chuo kikuu Texas, na Juni 2024 akaingia Challenger ya Nottingham akiwa nje ya 500 bora duniani. Akaibeba, tena fainali ilikuwa Waingereza watupu, yeye na Charles Broom. Pointi 125 kwa wiki moja! Kwa M15, ambazo bingwa hupata pointi 15, angehitaji makombe tisa kuzifikia. Wiki chache baadaye alikuwa Wimbledon akimnyang'anya Djokovic seti.

Ila makombe yake mengine matatu ya Challenger mwaka ule aliyachukua ugenini: Lincoln kule Marekani, kisha Rennes na Orléans, Ufaransa. Nottingham ilimfungulia mlango, naye akatoka. Hofu yangu ni kwa yule anayekaa humu ndani mwaka mzima, uwanja mgumu wa ndani, wapinzani walewale anaofanya nao mazoezi, asionje viwanja vya udongo mwekundu mpaka akutane navyo mahali penye kishindo. Hata Andy Murray, bingwa wetu wa Wimbledon, alikwenda Barcelona kufanya mazoezi kwenye udongo akiwa na miaka 15.

NyuziNaRaketi:
Sawa, mkuu, lakini Murray alikuwa na wa kumpeleka. Mwenye tepu yako ile, nani atampeleka?

MjombaWaLoughborough:
Ndiyo maana nakubaliana nawe nusu. M25 ziongezwe, na sehemu ya faida ya Wimbledon inayokwenda LTA, chama cha tenisi cha Uingereza, iwalipie nauli wale wanaofika nusu fainali hapa nyumbani, wiki inayofuata wawe Italia au Hispania kwenye udongo. Mpwa ameniomba turudi Loughborough. Anataka kujua kama yule kijana atakuwa na tepu mpya.